Mwalimu wa nidhamu anamwandikia mwanafunzi usiku, nami nina deni lake

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa Fizikia na Hisabati katika shule ya sekondari ya kata, mkoani Tabora. Nina miaka 28 na hii ndiyo ajira yangu ya kwanza serikalini.

Nilipopangiwa huku sikuwa namjua mtu. Mshahara wa kwanza ulichelewa, cheki namba (namba ya mtumishi ya kulipiwa mshahara) haijatoka, na mfukoni sina hata nauli ya kurudi kwetu. Aliyenipokea ni mwalimu mmoja ambaye nitamwita K. Alinipa chumba kwenye nyumba ya walimu anayokaa, tukawa tunapika sufuria moja, na akanikopesha laki mbili na nusu ambazo mpaka leo sijamaliza kuzirudisha. Amekuwa kaka kwangu. Ndiye pia mwalimu wa nidhamu hapa shuleni.

Jioni huwa tunafundisha tuisheni hapohapo nyumbani, kidato cha tatu na cha nne, kila mtoto anatoa jero (shilingi mia tano) kwa siku. Nina kundi la WhatsApp la masomo ambalo wanafunzi wanaingia kwa simu za nyumbani, wengine kwa simu zao za kificho. K nilimwongeza mwenyewe kwa sababu tunagawana mada za Hisabati.

Wiki iliyopita usiku, msichana mmoja wa kidato cha tatu, ana miaka 16, alituma picha kwenye kundi. Nadhani alitaka kutuma swali la somo akakosea. Ilikuwa picha ya mazungumzo yake na namba ya K. Maneno yalikuwa haya: "Umelala bebi? Ile elfu kumi umeiona? Kesho wahi kabla ya wenzako. Usimwambie mtu." Saa iliyoonekana ni nne na nusu usiku. Binti aliifuta kabla dakika haijaisha, na sidhani kama wengi waliiona. Ila mimi nilikuwa nimeshaifungua, na imebaki kwenye picha za simu yangu.

Nilimuuliza K. Alicheka, akasema ni utani. Nilipomkazia akasema binti akimaliza kidato cha nne atamuoa na kwao wanamjua. Nikamwambia kaka, hilo si sawa. Akabadilika uso: "Dogo, usijifanye mtakatifu. Hiyo tuisheni yako ina kibali cha nani?"

Nikamfuata mkuu wa shule. Alinisikiliza amesimama, funguo za pikipiki mkononi. Akaniuliza nina ushahidi gani, nikamwambia picha ninayo, hakutaka kuiona. Akasema, "Mwalimu, watoto wa siku hizi unawajua. Nitaongea naye kiutu uzima. Tunaingia mock, mtihani wa majaribio, usituchafulie hali ya hewa. Funika kombe."

Tangu hapo binti haji tuisheni. Darasani amehamia nyuma kabisa. Na jana mstarini K ametangaza kwamba Ijumaa kutakuwa na ukaguzi wa simu, na atakayekutwa nayo atakiona.

Mama, nikienda mbele nitaitwa mnoko na msaliti, maana wote hapa wanajua K alivyonisaidia. Nikinyamaza sipati usingizi. Tena tunalala nyumba moja. Je, nihame? Na tuisheni nayo inaniponza?

Mwalimu mwenye deni, Tabora

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na huo ukaguzi wa Ijumaa, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri hadi kesho na hilo haliwezi. Anayeendesha ukaguzi ndiye aliyetuma zile meseji. Simu ya binti ikiingia mkononi mwake, mazungumzo yatafutwa, na mtoto atabaki na kosa la kukutwa na simu shuleni: fimbo, barua ya kumwita mzazi, pengine kusimamishwa masomo. Baada ya hapo neno lolote atakalosema litaitwa kisasi cha mtoto mtundu. Kama K alipanga hivyo au la, sijui. Ila nimekaa kwenye ofisi za walimu muda wa kutosha kuona fimbo ikitumika kuziba mdomo.

Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinasema mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyekasimiwa na mkuu kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, labda kama shule haina hata mmoja. Kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. (Kitabu hicho shule nyingi kipo kabatini, safi kabisa, kama kilivyotoka dukani.) Kwa hiyo K hana ruhusa ya kumgusa huyo binti kwa fimbo, hata awe mwalimu wa nidhamu mara tatu, na mtu wa kumkumbusha hilo mkuu wa shule kabla ya Ijumaa ni wewe.

Leo hii, kabla hujarudi nyumbani, mtafute mwalimu wa kike anayeaminika na wasichana. Shule inatakiwa kuwa na walimu wa ushauri nasaha, na siku hizi inatakiwa kuwa na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto. Kwenu huenda dawati ni karatasi iliyobandikwa ukutani. Basi muulize binti yeyote wa kidato cha nne wanamwendea mwalimu gani wanapoumwa tumbo la mwezi, utatajiwa jina papo hapo. Huyo ndiye mtu wako. Mweleze ulichokiona, mwonyeshe ile picha, na umwachie yeye azungumze na binti.

Wewe usizungumze naye. Usimwite ofisini, usimsubiri njiani, usimpigie simu kumpa pole. Najua nia yako ni njema. Lakini jiweke kwenye nafasi yake: wewe ni mwalimu wa kiume, unakaa nyumba moja na K, unapika naye, unafundisha naye tuisheni. Atajuaje kwamba hukutumwa? Tena mtoto akihojiwa na mwalimu huyu, kisha na yule, kisha na mkuu, kila mmoja na maswali yake, maelezo yake yanavurugika kabla hajafika kwa mtu mwenye kazi ya kuyachukua. Hata mwalimu huyo wa kike asimhoji sana. Amwambie mambo mawili tu: kwamba hana kosa, na kwamba simu yake aiache nyumbani kwa mama, isifutwe kitu.

Kama binti ana hofu ya kufukuzwa shule, mwalimu amtoe hofu. Hata pale mambo yanapokuwa yamefika mbali, tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi darasani. Wasichana wengi wa vijijini bado hawalijui hili, na wapo wanaume wanaolitegemea hilo giza.

Sasa hilo neno la "nitamuoa akimaliza, kwao wanamjua". Nimelisikia likisemwa na walimu wa kila rika, na kila mmoja alilisema kana kwamba yeye ndiye wa kwanza kuligundua. Binti wa miaka 16 ridhaa yake haihesabiki. Kanuni ya Adhabu, tangu marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya 1998, inaita kulala naye ubakaji hata binti akisema alipenda, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yakaongeza juu yake: kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30 jela, kumpa mimba ni miaka 30 jela. Anayesaidia ndoa ya namna hiyo naye ana lake, faini isiyopungua milioni tano au miaka mitano jela, au vyote viwili. Hao wa kwao wanaomjua K wangefaa kusomewa hicho kipande cha mwisho polepole.

Sheria hiyohiyo inamtaka mkuu wa shule kupeleka kila robo mwaka taarifa za ndoa na mimba za wanafunzi wake, pamoja na hatua za kisheria zilizochukuliwa. Walioitunga walishajua kwamba wakuu wa shule watapenda kufunika kombe.

Nisimame kidogo upande wa K, kwa sababu haki ni yake pia. Hujui kama wamefika huko. Nami sijui. Meseji ile peke yake haithibitishi ubakaji, na barua yako isithubutu kusema hivyo. Lakini mlango wa jinai ukiwa bado haujafunguka, mlango wa nidhamu ya kazi uko wazi tayari. Kanuni za maadili ya walimu zinampa mwalimu wajibu kwa mtoto, kwa jamii, kwa taaluma yake, kwa mwajiri na kwa taifa, na mtoto ametangulia. Mwalimu kumwita mwanafunzi wake "bebi" saa nne na nusu usiku, kumtumia hela, kumwita awahi kabla ya wenzake na kumwagiza asimwambie mtu: hapo hapahitajiki kingine ili kikao cha nidhamu kiitwe. Na ilikuwa usiku, kwenye simu yake binafsi, nje ya geti la shule. Haimsaidii. Ualimu hauna saa ya kuvuliwa pale ambapo upande wa pili ni mwanafunzi wako.

Mkuu wako alipokwambia ataongea naye kiutu uzima, alilipeleka kosa mahali lisipostahili. Kwa makosa mepesi ya mwalimu, mkuu wa shule ndiye mamlaka ya nidhamu. Umechelewa kipindi, hukuandaa andalio la somo, hayo atakuonya yeye. Makosa mazito yanakwenda kwenye kamati ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC), na mahusiano ya kimapenzi na wanafunzi yapo kila mara kwenye orodha ya makosa ambayo Tume inayalalamikia, pamoja na utoro kazini na vyeti vya kughushi. Huko K atapewa hati ya mashtaka, atajibu kwa maandishi, atasikilizwa, na asiporidhika ana rufaa. Kama ni utani kama anavyosema, ana pa kuueleza huo utani. Kama si utani, adhabu inaweza kufika kufukuzwa kazi.

Andika barua ya ukurasa mmoja. Iende kwa mkuu wa shule, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri na kwa Katibu Msaidizi wa TSC wilaya. (Mwalimu wa nchi hii ana mabosi wengi kuliko mishahara. Leo angalau wingi wao una faida: mmoja akiikalia barua, mwingine anayo.) Bahasha ziandikwe SIRI. Jina la binti liwe ndani ya barua tu, usilitaje kwenye simu wala mbele ya walimu wenzako. Na maneno yawe makavu, ya aina hii:

"Tarehe fulani, saa fulani usiku, katika kundi la masomo ninalolisimamia, niliona picha ya mazungumzo yenye maneno yafuatayo. Mtumaji aliifuta. Nakala imebaki kwenye simu yangu na nipo tayari kuionyesha kwa mamlaka husika. Tarehe fulani nilikutaarifu kwa mdomo. Mwalimu husika ametangaza ukaguzi wa simu siku ya Ijumaa. Naomba asiuendeshe yeye, na mwanafunzi asiadhibiwe."

Basi. Usiandike "anatembea na wanafunzi". Usiandike ulichosikia kwa mama muuza vitumbua. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na karani akisema muhuri umefungiwa, mwambie aandike tarehe na kusaini kwa mkono.

Picha yenyewe usiirushe popote. Usiiweke kwenye kundi la walimu, usimtumie rafiki yako wa chuo kumwomba ushauri, na mimi pia nashukuru hukuniambatanishia. Ikisambaa, K atapata aibu ya wiki moja, na yule binti atatembea nayo mpaka anapata wajukuu.

Ukipigwa danadana, usisubiri mock iishe. Nenda kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayeona haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa, seuze mwalimu wake. Jirani zetu Kenya wamekwenda mbele zaidi: waraka namba 3 wa 2010 wa tume yao ya walimu unampa mwalimu saa 24 kutoa taarifa, na anayeficha anaadhibiwa naye. Sisi huku tunapeana muda wa mock.

Wazazi wa binti waachie watu wa ustawi wa jamii pamoja na yule mwalimu wa kike. Usiende wewe. Kesi za namna hii hufia sebuleni: mjomba anaitwa, bahasha inapita, mtoto anafundishwa kusema hakumbuki. Wakikuta taarifa imeshapokelewa wilayani na ina muhuri, hiyo biashara inakuwa ngumu.

Umeniuliza kama utaitwa mnoko. Utaitwa. Kuna Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya 2015, itakusaidia ukihamishwa au ukinyimwa haki zako za kazi kwa kulipiza kisasi, kwa hiyo tunza kumbukumbu. Haitakulinda na kununiwa ofisini. Chai ya saa nne utainywa peke yako kwa muda. Walimu wawili watatu watakufuata pembeni na kukwambia "tulikuwa tunajua siku nyingi", na hapo utakasirika zaidi ya ulivyokasirishwa na K.

Sasa tuje kwenye jambo uliloliweka mwisho wa barua kwa mstari mmoja, nami naona ndilo linalokufunga mikono. Tuisheni.

Hukuniuliza kwa undani, ila K aliliona haraka kuliko wewe. Mara tu ulipomgusa, alishika hapo. Na ana sababu. Mnawafundisha kwa malipo watoto walewale mnaolipwa na serikali kuwafundisha mchana, kwenye nyumba ya walimu, bila idhini ya maandishi ya mtu yeyote. Mtoto asiye na jero anabaki nje ya mada. Na usiniambie mada zote mnazimaliza darasani, nimeshakuwa mwalimu wa taaluma, najua yanavyokwenda. Mwalimu anayejua kwamba jioni ataifundisha mada hiyohiyo kwa jero, mchana mkono wake unakuwa mwepesi kuruka mfano mgumu. Haamui kufanya hivyo. Inatokea tu.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Watoto wa kike wanaingia kwenye nyumba wanayokaa wanaume wawili, giza linaingia, na hakuna mzazi wala mkuu mwenye ratiba ya nani amefika saa ngapi. "Kesho wahi kabla ya wenzako" ilikuwa na maana kwa sababu palikuwa na mahali pa kuwahi. Sikuandikii hili kukuumiza, na kosa la K ni la K. Lakini usimwachie silaha hiyo.

Kwa hiyo ifunge tuisheni ya nyumbani leo, na kwenye barua yako uongeze aya moja: kwamba wewe na mwalimu huyo mlikuwa mnafundisha masomo ya ziada nyumbani kwa malipo, mahali, siku na kiasi, na kwamba umeacha tangu tarehe fulani. Ndiyo, wewe mwenyewe uandike. Najua mkono utakuwa mzito. Unaweza kupata onyo au karipio, na likiwa kwenye faili litakaa hapo. Ila ukinyamaza, siku ya kikao K atalitoa yeye, na mbele ya kamati litaonekana kama ugomvi wa wabia wawili wa jero waliogombana juu ya wateja. Ukilitanguliza wewe, K anabaki na meseji zake tu mkononi.

Ukitaka kuendelea kuwasaidia watoto, na naona unataka, mwombe mkuu kwa maandishi madarasa yafunguliwe saa kumi hadi kumi na moja na nusu, bila malipo, mlango wazi, majina yaandikwe, na mwalimu wa zamu awepo. Hutaingiza kitu. Hiyo jero ilikuwa inakusaidia mboga, nalijua hilo pia, mshahara wa mwalimu anayeanza naufahamu. Tafuta kipato ambacho mteja wake hayuko kwenye daftari lako la mahudhurio. Fundisha watoto wa shule nyingine wanaoletwa na wazazi wao mjini, fuga kuku, sahihisha mitihani ya shule jirani.

Kundi la WhatsApp nalo ulifanyie kazi. Wewe ulimwongeza K humo, na ndani ya kundi namba ya kila mtoto iko wazi kwa kila mtu. Lifunge. Fungua jingine lenye namba za wazazi na walezi, mwalimu wa taaluma awe msimamizi pamoja nawe, maswali ya masomo tu, na ikifika saa mbili usiku hakuna anayeandika. Mwanafunzi akikuandikia pembeni, hata swali la kanuni ya Ohm, jibu lipeleke kwenye kundi. Atashangaa siku ya kwanza, ya pili atazoea. Kabla hujalifunga la zamani, ulipige picha lilivyo, orodha ya wanachama na tarehe, kwa sababu kamati inaweza kuuliza.

Umeuliza kama uhame. Hama, mwanangu, na uhame kabla barua haijafika mezani kwa mkuu. Hata chumba cha elfu ishirini na tano chenye choo cha nje kitakutosha. Usigombane naye, usimtangazie, usimwekee mtego wa kumrekodi. Sufuria zako chukua, za kwake mwachie. Akikuuliza, mwambie umelipeleka suala panapohusika na kwamba hutalizungumza tena nje ya hapo. Usiape, usilie, usimwombe msamaha.

Na deni lake mlipe. Wema aliokufanyia ulipofika ni wa kweli, na hakuna kikao kitakachoufuta. Kama huna zote, kopa SACCOS, umalize kwa mkupuo, mkabaki hamdaiani. Ila usimpe mkononi. Mtumie kwa simu, uandike "kumaliza deni la laki mbili na nusu", na ule ujumbe wa muamala usiufute.